Alichosema Marlee Njiani

Hospitali ya Pruitt Fork ilifungwa baada ya Krismasi. Masika yalipoingia, Marlee Stroud alifariki kwa pumu ndani ya gari, kwenye kona za milimani, kabla hajafikishwa hospitali ya mji wa pili. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ambulensi ya wilaya ilikuwa imeitwa upande wa mtoni, kwa hiyo mama yake, Glenda, alimpakia kwenye gari na kuendesha mwenyewe. Randall, baba yake, alikuwa kiwandani akipasua mbao. Simu ilimkuta huko, na alipofika hospitali alikuta wameshamfunika.

Baada ya mazishi majirani waliacha kuleta mabakuli ya viazi na jibini, nyumba ikapoa. Glenda alirudi kazini kwenye duka la vyakula vya mifugo. Randall naye akitoka kiwandani alikuwa akikaa ndani ya gari uani, injini imezimwa, mpaka mkewe atoke kumgongea kioo.

Kiangazi kile Colleen Hatch, aliyekuwa muuguzi katika hospitali iliyofungwa, alitangaza kugombea ubunge katika bunge la taifa, Washington. Aliahidi kupigania hospitali ifunguliwe. Randall hakuwa mtu wa siasa. Hata kura alikuwa akipiga akikumbuka. Lakini siku moja alipitia ofisi ya kampeni, chumba kilichokuwa saluni zamani, bado kina harufu ya dawa za nywele, akauliza kama kuna kazi ya kujitolea. Wakampa fulana, mabango ya kuchomeka mbele ya nyumba za watu, na mitaa ya kupita.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Alikuwa akigonga mlango, halafu anasimama kama aliyesahau alichofuata.

"Randall Stroud!" jirani mmoja alimcheka. "Leo unauza nini, bima au Biblia?"

"Namuuza Colleen Hatch."

"Basi utakufa njaa, ndugu yangu."

Mpaka mama mmoja alipomuuliza, kwa upole tu, kwa nini anajisumbua na jua lile. Randall akamwambia habari za Marlee. Yule mama alishika kizingiti cha mlango akalia, kisha akachukua bango akalichomeka mwenyewe mbele ya nyumba yake. Kuanzia hapo Randall akawa anazisimulia habari hizo kila mlango. Mashabiki wa chama cha pili, waliokuwa wakimfungia mlango hata kabla hajasalimia, sasa wakamsikiliza hadi mwisho. Colleen mwenyewe alimkumbatia mbele ya watu: "Bwana Stroud, wewe ndiye uliyeibeba kampeni hii."

Glenda aliona mumewe anakula tena, ananyoa ndevu, na moyo wake ukatulia kidogo. Majani yalipoanza kugeuka rangi, Jumamosi moja alivaa koti akasema, "Leo nakusindikiza."

Walianzia kwa mzee Virgil Tackett, mfuga mbwa wa kuwindia. Glenda alibaki kwenye ngazi na mabango mikononi. Mzee alifungua, akawatuliza mbwa wake, akawaambia wana dakika moja kabla mpira haujaanza kwenye televisheni.

Randall akaanza. Akasema juu ya hospitali, juu ya ambulensi. Kisha sauti yake ikashuka. "Nilikuwa nimemshika mkono, mzee. Akaniangalia, akaniuliza, 'Baba, tunakaribia?' Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho."

Mzee Virgil alivua kofia. "Mungu wangu. Lete hilo bango, mwanangu."

Glenda alimkabidhi mzee bango, akashuka ngazi, akaingia kwenye gari. Randall alipomfuata hakuwasha injini.

"Hukuwepo, Randall."

"Najua."

"Na hakusema hivyo."

"Watu wananisikiliza nikisema hivyo, Glenda. Wanalia. Wanakubali."

"Kwa hiyo mtoto wangu umempa maneno ya kuombea kura?"

"Ulitaka niseme nini?" Alipiga usukani kwa kiganja. "Kwamba mwanangu anakata roho mimi napasua mbao? Sijui alisema nini! Hujaniambia hata siku moja."

"Hujaniuliza."

Glenda aliomba arudishwe nyumbani, na kampeni hakuigusa tena.

Randall aliendelea peke yake, ila ulimi ulikuwa umefungwa. Kila alipofika mahali pa kusema habari za Marlee, alimwona Glenda kwenye ngazi za mzee Virgil, akarukia habari za hospitali tu. Watu wakarudi kumjibu "tutafikiria" na kufunga milango. Katika mkutano wa mwisho, uwanja wa maonyesho ukiwa umejaa, walimpandisha jukwaani asimulie habari za Marlee kama alivyozoea. Alishika kipaza sauti.

"Binti yangu alifariki," alisema. "Mimi sikuwepo."

Watu walingoja aendelee. Alirudisha kipaza sauti akashuka. Makofi yakapigwa moja moja, kama ya watu wasiojua wanashangilia nini.

Siku ya kura Colleen Hatch alishindwa vibaya. Hata Pruitt Fork, mji aliozaliwa, ulimkataa.

Keshoye Randall alizunguka kung'oa mabango. Kwa yule mama aliyelia mara ya kwanza, alimkuta ameshaling'oa lake, amelisimamisha ukutani.

"Bado namwombea binti yako," alisema, macho chini. "Ila sikuweza kukipigia kura chama chenu. Baba yangu angefufuka kaburini kunigombeza. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama," Randall alisema, na kweli alimwelewa.

Alipofika nyumbani Glenda alikuwa jikoni akipasha maharage. Randall hakuvua hata koti. Akavuta kiti, akaketi.

"Niambie ilivyokuwa."

Glenda alizima jiko. Aliegemea sinki.

"Hakusema kitu," alisema. "Hakuwa na pumzi ya kusemea. Mimi ndiye niliyekuwa nasema. Nilisema njia nzima, Randall, kama kichaa. Nikamwambia avute pumzi taratibu. Nikamwambia mvua imekatika, angalia, barabara imekauka. Sijui aliniacha kwenye kona gani. Niliendelea kuongea naye mpaka mlangoni pa hospitali, mpaka nesi alipoufungua mlango wa gari akaniambia, mama, nyamaza kidogo."

Randall alifunika uso kwa mikono.

"Nilimwambia, 'Baba yako yuko njiani,'" Glenda alisema. "Hilo nililirudia sana."

Akaenda akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akamvua koti, mkono mmoja kisha mwingine, kama mtu anavyomvua mtoto. Maharage yalipoa kwenye sufuria, hakuna aliyeyapakua.