Nafasi ya Mama

Hotelini walimwita Mama Shuka. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba siku ya kugawa sare mpya, mtunza stoo alilazimika kuuliza. Alianza kutandika vitanda ghorofa ya tatu bintiye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akatandika mpaka bintiye akamzidi kimo. Kitanda akikitandika yeye, ungedhani shuka imepigwa pasi juu ya godoro. Kulikuwa na wageni waliofika mapokezi wakaomba ghorofa ya tatu, na ukiwauliza kwa nini, hawajui; wanasema tu huko ndiko wanakopata usingizi.

Alikuwa mjane. Aliishi na binti huyo na mdogo wake yeye mwenyewe wa kiume, fundi viatu mwenye mdomo usiopitwa na neno, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya magari. Siku binti alipochaguliwa kuingia chuo cha hoteli, Mama Shuka hakupiga vigelegele. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta macho kwa upindo wa nguo.

"Mimi pale nimeingia kwa mlango wa nyuma, wa takataka na magunia ya viazi," alimwambia. "Wewe utasimama mapokezi. Utapita mlango wa vioo, ule unaojifungua wenyewe."

"Na ukijifunga wenyewe?" akauliza mjomba.

"Wewe shona viatu."

Ulipofika wakati wa wanachuo kupelekwa mahotelini kujifunza kazi, binti akapangiwa hoteli ya mama yake. Mama Shuka alimpigia pasi shati jeupe la chuo mpaka kola ikasimama kama ya askari. Lakini mapokezi palikuwa pameshajaa. Wamewekwa mabinti wawili ambao baba zao wanajuana na meneja. Yule wa Mama Shuka akaambiwa kila mtu huanzia vyumbani, akakabidhiwa kwa mama yake.

Mama alimeza lile la mapokezi. Baada ya siku chache akawa mtu mwenye furaha. Walisukuma toroli pamoja, mama akifundisha, binti akicheka.

"Foronya, mdomo wake usitazame mlangoni. Mgeni akiingia asikute uchi wa mto."

"Mama!"

"Ndiyo. Na ukikuta pesa mezani, izunguke kama nyoka. Futa vumbi pembeni yake, iache ilivyolala."

Msimamizi wa vyumba, waliyembatiza Kidole kwa sababu ya kupitisha kidole juu ya kila fremu akitafuta vumbi, alisimama mlangoni akiwatazama. "Mama Shuka, mikono yako ina shule ndani yake," alisema. "Nikuletee na wenzake?"

Akawaleta wanachuo wote. Mama Shuka akawafundisha mmoja mmoja, bila kinyongo, kama watoto aliowazaa. Aliyekosea alirudishwa, aliyeweza alisifiwa. Haukupita muda mrefu, wakawa wanaiweza ghorofa nzima bila yeye kutia neno.

Ndipo Kidole alipokuja kumwita ofisini. Alitembea mbele, mikono mfukoni, bila kugusa fremu hata moja njia nzima.

Meneja alikuwa kijana mwenye sauti ya chini na manukato ya juu. "Kaa, mama. Mkataba wako umefika mwisho, na safari hii hatutauongeza. Si wewe peke yako. Ni wahudumu wote wa vyumba walio kwenye mkataba."

"Nimekosea nini, bosi?"

"Hujakosea kitu. Ni mpangilio mpya. Mahoteli yote yanakwenda hivyo."

"Na vyumba je? Wageni watalalia shuka za jana?"

Meneja aligeuzageuza kalamu. "Tuna wanafunzi, mama. Na umewafundisha vizuri mno. Kwa hilo tunakushukuru sana."

Mama Shuka alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Kisha maneno yakamwingia. Alisimama, akanyoosha sare yake, akaenda kuivua.

Binti alikuwa akibadilisha taulo Kidole alipomsogezea toroli ya mama yake. Kitambaa cha kufutia vioo kilikuwa bado kimefungwa kwenye mkono wa toroli, fundo la mama.

"Korido hii sasa yako," alisema Kidole.

"Mama yuko wapi?"

"Utamkuta nyumbani."

Jioni ile hakuna aliyewasha jiko. Binti alisimama katikati ya chumba, mkoba bado begani.

"Sirudi pale, mama. Bora nikauze maji barabarani."

"Utarudi."

"Nitakitandikaje kitanda chako na wewe umekaa hapa?"

"Si kitanda changu. Hakijawahi kuwa changu, hata siku moja sikukilalia." Mama Shuka alisema bila kuinua macho. "Ukiacha sasa, chuo hakikupi cheti. Tutakuwa tumeliwa wote wawili. Mimi nimeshaliwa, mwanangu. Wewe maliza."

Mjomba alikuwa ameegemea mlango. "Dada, wamekupika kwa kuni zako mwenyewe," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Binti akarudi. Mwanzoni mama alikuwa akiuliza habari za ghorofa yake: yule mzee wa chumba cha pembeni bado anataka mito ya ziada? Lile bomba linalolia wamelitengeneza? Binti alijibu kwa mkato, macho chini, kana kwamba ameiba kitu na mwenye mali ndiye anayemhoji. Mwishowe mama akaacha kuuliza. Wakawa watu wawili wanaopishana mlangoni na kupeana nafasi.

Ikaja siku ya mkutano mkubwa wa wenye mahoteli. Ukumbi wa hoteli ulipambwa, viti vikavishwa vitambaa vyenye mafundo ya dhahabu. Wanachuo walipewa sare mpya za kuvaa mpaka mkutano uishe, wakapangwa mstari karibu na jukwaa. Meneja alipanda akaonyesha michoro yenye mistari inayopanda. Alisema sekta ya hoteli ni uti wa mgongo wa uchumi. Kwamba mgeni mmoja akilala, mkulima ameuza mboga, dereva amepata abiria, na taifa limeingiza fedha za kigeni. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ule mstari.

"Na ajira, waheshimiwa! Vijana mnaowaona hapa, wote tumewapa nafasi mwaka huu."

Mgeni rasmi, mtu mnene na mcheshi, alishuka jukwaani na kipaza sauti mkononi. Akasimama mbele ya binti wa Mama Shuka.

"Hongera, binti. Unafanya kazi gani hapa?"

"Natandika vyumba, mheshimiwa."

"Safi sana! Na nafasi hii uliipataje?"

Binti alimwona meneja akitabasamu kwa midomo peke yake. Alimwona Kidole akikagua zulia. Sauti ikamtoka, tena ikatoka nzuri, kama alivyofundishwa chuoni kumhudumia mgeni.

"Sijaajiriwa, mheshimiwa. Mimi ni mwanafunzi, silipwi kitu. Nafasi hii ilikuwa ya mama yangu."

 Mahali fulani kijiko kiligonga sahani. Mgeni rasmi alisita kidogo, halafu uso ukamchanua. Akamwekea binti mkono begani, akaugeukia ukumbi.

"Mmesikia wenyewe? Mama amefanya kazi hapa, na leo mwana amesimama palepale! Bado yuko chuoni, tayari ameshika nafasi! Hii ndiyo sekta inayolea familia, kizazi hata kizazi!"

Watu wakasimama, makofi yakavuma. Meneja ndiye aliyepiga kuliko wote. Binti alifungua mdomo aseme tena, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshahamia kwa mwingine, na mtu alikuwa akimkabidhi ua.

Alipofika nyumbani, mjomba alikuwa ameshaona habari kwenye televisheni ya kinyozi. Walikuwa wameyakata maneno ya binti, yamebaki ya mwisho tu: nafasi hii ilikuwa ya mama yangu. Kisha makofi.

"Walipiga makofi?" mama aliuliza.

"Walisimama kabisa, mama."

Mama Shuka akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na baada ya muda hakikuwa kicheko tena. Binti akamshika, wakaketi kitandani bega kwa bega, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu ile jioni ya jiko baridi.

"Ulisema kweli," mama alisema alipopata pumzi. "Kosa lako uliisema kwa adabu. Nilikulea vibaya."

Mafunzo yakaisha. Kundi jipya la wanachuo likateremka kwenye basi, mashati meupe, kola zimesimama. Kidole akamwomba binti awaonyeshe kazi kabla hajaondoka.

"Mimi siwezi," alisema. Akaweka funguo juu ya toroli, akaenda zake. Kidole hakumfuata. Naye alikuwa amesikia kwamba usimamizi wa vyumba utapewa kampuni ya nje.

Cheti kilitoka, alama nzuri. Alizunguka nacho hoteli baada ya hoteli. Kote walimkaribisha kwa maji baridi na tabasamu, na kote walimwambia nafasi ya kujitolea ipo, ya mshahara bado. Mwishowe alipata kazi kituo cha mafuta. Mama yake aliangukia gesti moja jirani na stendi, ambako ni yeye mapokezi, yeye vyumba, yeye kufukuza walevi, na shuka zimefuliwa mpaka zinaonyesha upande wa pili.

Siku moja, alasiri, jirani wa nyumba ya tatu alikuja na bintiye. Aliiona ile habari ya televisheni, akasema, na binti yake amefaulu. Anataka kumpeleka chuo cha hoteli. Alikuja kuomba ushauri.

Mama Shuka alimtazama yule msichana, akamweleza mama mtu kila kitu bila kuficha. Jirani alisikiliza, akizidi kukaza uso.

"Kumbe," alisema mwishowe, akiinuka. "Wako alipokuwa anasoma ilikuwa halali. Wangu akitaka kusoma, hoteli zimeoza."

"Sivyo nilivyosema, jirani."

"Nimekusikia ulivyosema." Akamshika bintiye mkono wakatoka. Tangu siku ile salamu zikakatika, na mtaani ikasemwa kwamba Mama Shuka ana kijicho, amefukuzwa kazi kwa uzembe, sasa anawazibia wenzake njia.

Binti aliporudi kutoka kazini, ananuka petroli, alikuta vikombe viwili vya chai vimejaa, havijaguswa.

"Nani alikuja?"

"Jirani," mama alisema. "Alipita tu kusalimia." Akavichukua vile vikombe, akamwaga chai nje, mlangoni.