Dole Gumba la Kulia

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Bernadeta alikaa kwenye benchi la kituo cha afya huko Mtoni akiwa ameupakata mkono wa mumewe. Ulikuwa mkono wa kulia. Alikuwa ameuosha kwa maji ya uvuguvugu, akaukata kucha na kuupaka mafuta ya nazi, kwa sababu ndio uliokwenda kuonwa na daktari. Mumewe, Alfonsi, alikaa pembeni akitazama ukuta. Tangu kiharusi kimpige wiki sita nyuma, mkono ule ulikuwa wa kubebwa. Ukiuachia, unadondoka.

Alfonsi alikuwa mchonga vinyago. Kwao Newala babu yake alichonga, baba yake akachonga, naye alichongea nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Lakini mkono ule ulikuwa na kazi nyingine. Ndio uliomshika binti yao Noela, wa miaka tisa, wakati wa kuvuka barabara kwenda shule. Alfonsi alikuwa akiunyoosha wazi, kiganja juu, mtoto anauweka wake humo, kisha vidole vinafunga kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Wanasubiri kidogo, wanaangalia huku na huku, wanavuka. Siku hizi Noela alivuka na mama yake, na kila jioni aliuliza swali lile lile.

"Mama, mkono wa baba utanishika tena lini?"

"Ukipona."

"Utapona lini?"

Ndiyo maana Bernadeta alikwenda kwenye mradi.

Ulikuwa mradi wa utafiti, nao ulitafuta vitu viwili. Cha kwanza ni namna mikono ya waliopigwa na kiharusi inavyorudi kufanya kazi. Cha pili ni vivimbe adimu, vile ambavyo daktari anaweza kufanya kazi miaka thelathini asikutane na hata kimoja. Vitu hivyo havina undugu. Lakini mradi ulikuwa na gari moja, basi vikapanda pamoja.

Sista Vaileth, muuguzi wa mradi, aliwasomea fomu. Ilikuwa na kurasa tisa na aliisoma haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Alipofika mwisho alifungua kidau cha wino.

"Mshiriki mwenyewe aweke dole gumba."

Alfonsi akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Bernadeta akaushusha.

"Baba Noela jamani, kushoto? Mbele za watu?" Akamgeukia Vaileth. "Samahani sista. Ugonjwa unasahaulisha."

"Lakini wa kulia si haufanyi kazi, mama?"

"Nitaushika mie."

Akaushika. Akakichovya kidole gumba cha kulia kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Alama ikatoka safi, mistari yote inaonekana. Vaileth akaandika tarehe. Hakuna aliyeona ajabu, maana vituoni hufanyika hivyo kila siku.

Wenye wagonjwa nyumbani wasome vizuri hapa, kwa sababu kosa liko hapa. Kidole kilichoulizwa hakikuwa na habari. Mwenye habari hakuulizwa.

Jumanne iliyofuata, walipofika kituoni, mkono uliinuka wenyewe kutoka mapajani mwa Alfonsi na kuweka dole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Kisha ukapimwa. Kipimo kilikuwa kuhamisha vipande vya mbao kutoka sanduku moja kwenda jingine kwa dakika moja. Ulihamisha vitatu. Wiki ya pili ukahamisha ishirini, na mwisho wa mwezi wa nne ulihamisha themanini, ambavyo hata wenye afya wengi wa rika lake hawafikishi. Daktari wa mradi, dokta Audax, alikuja kuuona mwenyewe, akaupiga picha mbele na nyuma.

Nyumbani haukufanya kitu. Bernadeta aliuwekea kikombe cha chai mbele yake, ukakaa mapajani kama mgeni aliyekataa kula. Noela aliushika, akautikisa, akausalimia. Ulikuwa wa baridi.

"Nyumbani haufanyi kitu, dokta," Bernadeta alisema.

"Nyumbani hatupimi, mama," alijibu dokta Audax, na akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri sana.

Mwezi wa tano mkono ulianza kuchonga. Ulianza Jumatano saa nane mchana, Alfonsi akiwa amekaa kwenye kigoda chake cha zamani kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Ukaokota kipande cha mpingo, ukaokota patasi. Mti ulishikwa na mkono wa kushoto. Baada ya saa mbili kikatoka kitu cha ukubwa wa tunda la kunazi, chenye vinundu vitatu upande mmoja. Hakikuwa mtu wala mnyama. Mkono ukakiweka dirishani, ukarudi mapajani.

Siku ya tatu Mzee Marijani, fundi baiskeli wa nyumba ya pili, alikuja kujulia hali. Noela akampa shikamoo, akaitika. Akakiona kile kitu dirishani, akakipapasa. Kisha akajipapasa chini ya taya, penye uvimbe.

"Hiki changu," alisema.

Wakalinganisha. Ukubwa ni ule ule, na vinundu vitatu upande ule ule.

Jumanne gari la mradi lilimchukua. Walimkata kipande kidogo cha ule uvimbe, na kile cha mpingo nacho wakakichukua, wakakibandika namba. Dokta Audax alifurahi sana. Ulikuwa uvimbe wa aina inayompata mtu mmoja kati ya watu milioni mbili. Mzee Marijani alipewa soda na mche wa sabuni.

"Na dawa?" aliuliza.

"Sie ni wa utafiti, mzee wangu, si wa tiba," alisema Vaileth, kwa heshima. "Subiri majibu."

Alisubiri. Walimzika mwezi wa saba. Majibu hayajafika mpaka leo, na baiskeli za watu bado zimeegeshwa ukutani kwake.

Kwa muda huo mkono ulichonga vingine sita. Kila kimoja kilipata mwenyewe, na kila mwenyewe alipanda lile gari. Jioni watu wa mtaa walipita dirishani kwa Alfonsi kama wazazi wanavyopita kwenye ubao siku ya matokeo ya darasa la saba. Wanaangalia, wanajipapasa, wanaondoka. Marietha, muuza samaki wa kukaanga, alipita kila siku na beseni lake kichwani.

"Shemeji Alfonsi, nimo?"

"Wewe humo," alijibu Alfonsi.

"Na ukija kunichonga, nichonge kiuno basi, nacho unipunguzie!"

Watu walicheka. Alfonsi naye alicheka, upande mmoja wa mdomo. Mkono haukutikisika.

Wiki moja baada ya maziko ya Mzee Marijani, mkono ulifungua sanduku la chini. Humo Alfonsi alikuwa ameweka kipande kimoja cha mpingo mweusi kabisa, usio na ufa, ambacho alikuwa akimtunzia Noela. Alitaka amchongee kitana siku ya kipaimara. Mkono ukakitoa. Ulichonga polepole, siku mbili, kwa namna ambayo Bernadeta hakuiona tangu mumewe alipokuwa mzima. Ulipiga msasa mpaka kikang'aa. Kilikuwa kidogo kama harage.

Bernadeta alimkuta mumewe analia huku mkono wa kushoto umeshikilia mti.

"Sasa unaushikia mti wa nini?"

"Nisipoushikia, unanikata mie."

Safari hii Bernadeta hakungoja kitu kifike dirishani. Alikichukua, akafunga mlango wa chumbani, akaanza kukijaribisha mwilini mwake. Shingoni hakikukaa. Kwapani hakikukaa. Kwenye matiti alikizungusha pole pole akiomba kikae, hakikukaa. Akatoka uani. Noela alikuwa anaoga kwenye beseni, amesimama, povu mpaka magotini. Nyuma ya goti la kushoto, pale penye kibonde, kile kitu kilikaa sawasawa na hakikudondoka hata alipokiachia.

"Mama, cha baridi," alisema Noela.

Chini yake hapakuwa na uvimbe bado.

Bernadeta alikitupa chooni. Kesho yake mkono ulichonga kingine, kile kile.

Jumanne alifika kituoni kabla ya mlinzi. Alikuwa amekumbuka maneno fulani katika zile kurasa tisa, kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mkono ukitoka kwenye mradi, aliwaza, utadondoka tena kama mwanzo. Usimshike mtoto, lakini na usimchonge.

"Haki yenu kabisa," alisema Vaileth, na akaleta fomu ya kujitoa. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. "Baba aweke dole gumba."

Mkono ukafunga ngumi.

Bernadeta alijaribu kuikunjua. Mlinzi akasaidia. Vaileth mwenyewe akavua saa, akasaidia. Ngumi ilikuwa kama gogo. Vaileth akasogeza lile sanduku la vipande vya mbao, ngumi ikafunguka, ikahamisha vipande themanini na nne. Akarudisha fomu, ikafunga.

Alfonsi akachovya kidole cha kushoto, akakigandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka meza ikasogea. Vaileth akailinganisha alama na ile ya mwezi wa tatu.

"Hazifanani, baba. Huyu kwetu ni mtu mwingine."

"Mwenye mkono ni mie!"

"Ni kweli, baba. Lakini uliokubali ni huo."

Alisema bila ubaya. Akawapa nauli ya kurudi, kama kawaida ya mradi, na mkono ukaipokea.

Uvimbe ulitokea kabla mwezi haujaandama tena. Ulianza kama punje ya mtama, ukawa kama choroko. Noela alisema hauumi. Bernadeta alimpeleka hospitali, wakapiga picha, madaktari watatu wakaitazama na kuitana. Walisema wao hawawezi kukata kitu wasichokijua. Wanaokijua ni wale wa mradi. Wakamwandikia barua, wakaifunga kwenye bahasha, na Bernadeta aliposoma juu yake mahali pa kwenda aliona ni benchi lile lile, siku ile ile, saa ile ile.

Alikaa na barua hiyo siku tatu. Siku ya nne uvimbe ulikuwa kama kunde, na lile harage la mpingo lilikuwa dirishani linangoja. Akachukua mtandio wake.

Walikwenda wote watatu. Kabla ya kuingia, Bernadeta aliinama akafunga vifungo vya sketi ya shule ya Noela, ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

"Sikiliza mwanangu. Ukifika mle ndani, ikalie mikono yako. Yote miwili. Usiitoe mpaka mama nikwambie."

"Hata wakinipa soda?"

"Hata wakikupa soda."

Noela akaikalia. Vaileth alisoma kurasa tisa. Alieleza kwamba mtoto aliyetimiza miaka saba lazima akubali mwenyewe, mzazi peke yake hatoshi, kwa ajili ya kumlinda mtoto.

"Sista, nikuulize," alisema Bernadeta. "Kuna dawa?"

"Kuna utafiti, mama."

"Mtamkata, mtautoa wote?"

"Tutachukua kipande. Halafu tunasubiri majibu."

"Ya Mzee Marijani yamekuja?"

Vaileth aliangalia kwenye kompyuta, kwa uaminifu, mpaka mwisho wa orodha. "Bado," alisema. Akafungua kidau cha wino.

Bernadeta alisema basi, hatuweki kidole, tutakwenda kwingine. Hakusema wapi, kwa sababu hapakuwepo. Akasimama, akamshika Noela begani.

Hapo mkono wa kulia wa Alfonsi ukainuka kutoka mapajani. Haukwenda kwenye daftari wala kwenye sanduku la mbao. Ulikwenda kwa Noela, ukasimama mbele yake, wazi, kiganja juu.

Alfonsi aliukamata kwa mkono wa kushoto. Aliuvuta kwa nguvu zake zote, meno yameuma mdomo, na haukurudi nyuma hata kidogo.

"Noela, kalia mikono," alisema Bernadeta.

Lakini Noela alikuwa ameshauona. Alikuwa ameungoja tangu mwezi wa pili.

"Mama, umepona," alisema.

Akatoa mkono wake chini ya paja, akauweka mle kiganjani. Vidole vikafunga kwenye kifundo, kama siku zote. Ulikuwa wa moto. Ukasubiri kidogo, kama watu wanavyosubiri ukingoni mwa barabara, kisha ukamvusha. Kidole gumba cha Noela kikaingia kwenye wino, kikatoka, kikashuka kwenye karatasi. Kilikuwa cha kulia. Alama ikatoka safi, ndogo, mistari yote inaonekana.

Vaileth akaandika tarehe. Halafu, kwa sababu ilikuwa Jumanne na vipimo vya Alfonsi vilikuwa vinangojewa, akavuta na ile fomu ya kupimia mkono. Penye kushika akaandika kwamba mshiriki ameweza kikamilifu. Penye kuachia alinyanyua kalamu akasubiri vile vidole vifunguke.

Alisubiri mpaka gari likapiga honi nje. Akapaacha wazi, akamwita anayefuata.