Digrii Sabini na Tano

Mwalimu Mauwa wa fizikia alikataa kutia sahihi, na bila sahihi yake matokeo ya shule nzima hayasomwi. Wazazi walishajaa uani tangu asubuhi na nguo zao za sikukuu. Prefe Ilunga, mkuu wa shule, alikuwa akijifuta jasho la shingoni na kuangalia saa.

Kisa chote ni swali moja la fizikia. Jiwe linarushwa kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde, litue mita ishirini mbele. Lirushwe kwa pembe gani? Falone, binti wa mchimba madini wa Kampene, aliandika digrii sabini na tano. Karatasi ya majibu ilisema kumi na tano, basi. Alama mbili za swali hilo ndizo zilizobaki ili Falone apande darasa, na baba yake alishaapa kwamba akirudia mwaka, shule kwaheri, atakwenda kuponda mawe machimboni.

"Madame, karatasi iko wazi," alisema prefe. "Kumi na tano. Njo ile, ndiyo hiyo tu."

"Zote mbili njo zenyewe. Moja inapita chini, ingine inapita juu, zinaanguka fasi moja, pale pale."

"Acha falsafa. Tia sahihi, watu wanangoja."

Falsafa! Damu ilimchemka Mauwa. Akachukua mpira wa wanafunzi, akatoka nje, akamwomba prefe asimame nyuma ya ukuta wa tofali uani. Prefe alikubali, ili tu yaishe.

"Uko nyuma ya ukuta, bwana prefe. Unaniogopa?"

"Nikuogope juu ya nini?"

Mauwa akarusha chinichini. Mpira ukagonga tofali, ukamrudia miguuni, na wazazi wakacheka. Akarusha tena, safari hii juu kabisa. Mpira ulipanda hadi watu wakakaza shingo, kisha ukashuka wima na kumpiga prefe utosini. Ua mzima ukaangua kicheko. Mauwa peke yake hakucheka. Alizunguka ukuta akasimama mbele ya prefe.

"Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi na tatu. Bombe zilikuwa zinatoka kule mbele, zinaanguka hapa Alunguli. Nilimwambia mudogo wangu Ismaël: kaa nyuma ya ukuta, usitoke, haitakufikia. Nilijua jibu moja tu."

Prefe alishika kichwa, lakini si kwa maumivu ya mpira.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa. Na alinisikia, hakutoka. Bombe ikapita juu, ikamshukia. Lile jibu moja nililifundisha mara moja, bwana prefe. Silifundishi tena. Unaweza kunifukuza."

Prefe aliitoa karatasi ya majibu mfukoni, akaikandamiza kwenye tofali, na kando ya kumi na tano akaandika kwa mkono wake: au sabini na tano.

Ndipo Mauwa akaomba kalamu.