Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Learco Gualdi alikuwa ameinamia injini ya gari la watu, kichupa cha rangi ya kucha cha mkewe mkononi, akipaka nukta nyekundu juu ya kila skrubu ya kabureta. Nusu ya nukta ilikaa kwenye skrubu, nusu kwenye chuma kilichoishika. Mtu akiigusa kwa bisibisi, hata kwa kujaribu tu, nukta itakatika katikati, na hakuna kiapo kitakachoiunga tena. Akapuliza ikauke, akashusha boneti taratibu, akakitia kichupa mfukoni.

Gari lilikuwa la mfamasia wa mji wa Vignola, la michezo, viti viwili, la zamani, lenye kabureta mbili za kuchanganya hewa na mafuta, na mngurumo wa kumfanya mtu mzima ajisikie kijana. Lilikuwa limerudi gereji mara ya pili. Likishapata moto halikuwa na neno. Lakini asubuhi, injini ikiwa baridi, ukiliacha lingurume bila kukanyaga mafuta lilitetemeka, likakohoa na kuzima kabla halijatoka langoni, na mfamasia akabaki kwenye ukungu huku majirani wakimchungulia madirishani.

Learco alikuwa ameshakagua plagi, taimingi na vali, ameshatafuta mahali ambapo injini ingeweza kuwa inavuta hewa ya wizi, asipate kitu. Kabureta alizilinganisha mwenyewe kwa bomba la mpira, kama alivyofundishwa tangu ujana: ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Ya mbele aliisikiliza kwa sikio la kushoto, ya nyuma kwa la kulia, bila kuhama aliposimama, akilegeza huku na kukaza kule mpaka zote zivute pumzi sawa. Mashine za kisasa za kupimia aliziita vifaa vya viziwi.

Kazi yake aliiamini. Kwa hiyo kama alilinganisha vizuri na gari bado linarudi, basi kuna mkono. Na wenye ufunguo wa gereji walikuwa wawili tu, yeye na Nello.

Nello Baraldi alikuwa kaka wa mkewe. Waliifungua gereji ile wakiwa vijana wasio na hata koti zito la baridi, na mpaka leo Nello ndiye aliyefika mapema kuwasha jiko la kuni. Lakini tangu baridi ya mwaka jana Learco alikuwa ameanza kuona mambo. Nello alizungumza na wateja kwa sauti ya chini. Learco akisogea, maneno yanakwisha. Kule baa nako watu walikuwa wameanza kunong'ona, hata padri siku hizi alihubiri kama mtu anayeficha jambo. Learco alikuwa amejumlisha yote hayo akapata jibu: wanataka kumwondoa. Magari yakirudi ya kutosha, itasemwa kwamba mzee kazi imemshinda, na gereji itauzwa.

Asubuhi alipofika aliweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimia. Ilikuwa na moto.

"Nimeliwasha kidogo, shemeji," Nello alisema akiwa amempa mgongo, akichochea jiko. "Lisilale na baridi hiyo."

 Injini iliyopata moto haisemi ukweli, hilo kila fundi analijua, na mtu mwenye jambo la kuficha ndiye anayewahi kuipasha. Learco akafungua boneti. Kwenye kabureta ya mbele, nukta nyekundu ilikuwa imekatika, nusu imeelekea huku na nusu kule.

Angeweza kumwita pembeni wakaonana wawili. Badala yake alingoja mchana, baa imejaa, wamekaa mezani na karata zao na divai nyekundu yenye povu. Hapo akamwambia mbele ya wote kwamba anamwingilia kazi kwa siri ili aonekane hafai, na kwamba ushahidi anao. Watu wakashusha karata zao. Nello uso ukamwiva. Alifungua kinywa, akawatazama waliokaa pale mmoja mmoja, akakifunga.

"Sawa, shemeji," alisema mwishowe, kwa sauti kubwa kabisa, kila mtu akasikia. "Kesho asubuhi nachukua spana zangu."

Kama asingekuwa na hatia angejitetea. Learco alirudi gereji akijiambia hivyo, na akaendelea kujiambia hivyo jioni nzima alipokuwa akizilinganisha upya kabureta kwa mpira, akizipaka nukta mpya, kisha akaliendesha gari la mfamasia mpaka kwake mlimani. Alilifungia bandani. Ufunguo akautia mfukoni, aje aulalie chini ya mto.

Nyumbani mkewe, Marisa, alikuwa anamngoja, na hakuwa anamngojea chakula.

"Kwanza nieleze rangi yangu ya kucha umempelekea nani," alisema.

Ilibidi amweleze yote. Kwa muda mfupi Marisa alionekana kama mtu aliyetua mzigo, maana mzee wake hakuwa na mwanamke. Halafu akaelewa alichokisikia, na uso ukabadilika.

"Umemwaibisha kaka yangu baa?"

"Anaharibu kazi yangu."

"Gereji na Nello ulivioa kabla hujanioa mimi. Sikiliza, Learco. Jumapili mezani kwangu, mmoja wenu akikosekana, mwingine naye asije."

Akaenda kulala. Learco alibaki jikoni peke yake na supu iliyopoa, akiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu aliyokataa kuitazama. Bila Nello gereji ile ilikuwa chumba chenye mafuta ya kulainishia sakafuni.

Kulipokucha alishuka bandani. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Kufuli lilikuwa salama. Boneti ilikuwa baridi kama kaburi, na nukta zote nyekundu zilikuwa nzima. Akavuta choki, akapiga stata, akiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kupokea haki yake.

Gari lilitetemeka, likakohoa, likazima.

Akawasha tena, likazima tena. Mara ya tatu alilishika kwa mafuta, akashuka mbio, akaweka mkono wa kushoto kwenye fimbo ya kuongezea mafuta kwenye kabureta, maana akiiachia tu injini inakufa. Mkono uliobaki ulikuwa mmoja. Akauokota mpira kwa mkono wa kulia, akautia kwenye kabureta ya nyuma, akasikiliza kwa sikio la kulia: pumzi nyembamba, ya mtu aliyelala. Akauhamishia ya mbele, na kwa kuwa hakuwa na mkono mwingine, sikio likawa lile lile la kulia.

Ilinguruma hadi akaruka.

Alirudia. Ya nyuma, pumzi. Ya mbele, mngurumo. Akaiachia injini izime, akaiwasha, akajilazimisha kupeleka mpira kwenye sikio la kushoto, na mngurumo ule wote ukageuka pumzi nyembamba ya mtu aliyelala. Zililingana kabisa, kama alivyoziacha jana. Ya mbele alikuwa ameifungua kupita kiasi ili sikio bovu la kushoto lipate cha kusikia, na moto wa injini ulimfichia kosa mpaka asubuhi ya baridi.

Learco alikaa chini kwenye ndoo. Hakuna aliyekuwa akinong'ona, baa wala kanisani. Na magari yote yaliyopita mikononi mwake tangu mwaka jana yakatoka mazima, kuna mtu aliyewahi kufika kabla ya kucha akayarekebisha, akayawasha kuhakikisha, akanyamaza. La mfamasia lilirudi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeligusa mara ya mwisho kabla ya kulikabidhi. Na jana mezani, Nello angejitetea vipi bila kuitangazia baa nzima kwamba fundi Learco hasikii? Aibu ilimpanda hadi machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Akazilinganisha kabureta zote mbili kwa sikio la kulia. Gari lilitulia, baridi ile ile, bila mkono wala mguu. Akaliendesha taratibu kwenye ukungu mpaka gereji.

Nello alikuwa anazifunga spana kwenye vitambaa, moja moja. Kisanduku kilikuwa kimejaa nusu. Learco alilisimamisha gari mlangoni, hakulizima. Akafungua boneti, akasimama pembeni yake. Nello alitega sikio kidogo, akaja na spana mkononi, akasimama upande wa pili, kushoto kwake, akazitazama kabureta.

"Umenirekebishia tangu lini?" Learco aliuliza.

Midomo ya Nello ilicheza. Injini ilikuwa inanguruma katikati yao, sawasawa, bila kukosea. Learco aliitazama midomo ile mpaka ikatulia. Kwa mwaka mzima uliopita angekasirika hapo, angemwambia asimnong'onee.

"Sijasikia, shemeji," alisema.

Nello hakurudia pale pale. Alizunguka mbele ya gari, akiburuza kiganja juu ya bati, akaja kusimama kulia kwake, karibu, bega kwa bega. Halafu akaanza upya.