Mikono ya Kuoka Hostia

Nyumbani kwetu siku ya kuoka hostia, mkate mwembamba wa komunyo, hakikaangwi kitunguu. Unga una tabia mbaya ya kudaka harufu, na mama hakutaka waumini wapokee Mwili wa Bwana wenye ladha ya mchuzi. Kwa hiyo siku hiyo tulikula kiporo, tena cha baridi, na baba, ambaye ni kinyozi na ana mdomo kama vinyozi wote, alilalamika tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.

"Parokia nzima inakula, mimi ndiye ninayefunga," alisema. Mama alishamzoea, hata hakugeuka.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unga wa ngano na maji, basi. Si chumvi, si sukari, si hamira. Unamimina uji wake mwepesi kati ya sahani mbili za chuma zenye mkono mrefu, unazibana juu ya moto, mvuke unafoka, na kinatoka kitu cheupe, chembamba kama karatasi. Ukikikata papo hapo kitavunjikavunjika. Unakilaza kwanza kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka kilegee, ndipo unakata duara baada ya duara. Makombo tuliyala sisi watoto. Wenzetu walikuwa na biskuti, sisi tulikuwa na pembe za hostia, na hatukujiona maskini.

Mama alioka kabla hata sijazaliwa. Mwaka ule vifundo vya mikono yake vilikuwa vimevimba, chuma akikiinua anauma midomo. Akakubaliana na padre kwamba kazi nikabidhiwe mimi, kwenye misa ya Jumapili, mbele ya watu wote. Padre angenibariki mikono, kisha angeniuliza kama ninaamini kwamba mkate nitakaouoka utageuzwa kuwa Mwili wa Kristo. Nami ningejibu: Ninaamini. Neno moja tu, hata mtoto wa chekechea angelimudu.

Shida ni kwamba sikuamini.

Watu hupenda kusikia kwamba kulikuwa na sababu. Msiba, au kitabu, au kijana fulani. Hakukuwa na chochote. Imani yangu iliisha kama sabuni: unaitumia kila siku, inapungua huoni, siku moja unapeleka mkono kwenye kisahani hukuti kitu. Na mimi ndiye niliyekuwa naitwa Sista tangu utotoni, kwa jinsi nilivyopenda kusali. Niliendelea kwenda kanisani, nikaendelea kuitikia, sauti yangu ikipotea katikati ya sauti za watu. Hilo liliniuma kidogo, lakini liliwezekana. Kuulizwa peke yangu, mama amesimama pembeni anasikiliza, hilo sikuliweza.

Jehanamu sikuiogopa tena. Niliiacha huko nilikoyaacha mengine. Nilichoogopa ni kumpoteza mama. Meza ile ya jikoni ndiyo mahali pekee alipozungumza nami kama mtu mzima mwenzake, akanisimulia jinsi baba, kabla hawajaoana, alivyomnyoa mjomba vibaya makusudi ili apate sababu ya kuja kwao kuomba radhi. Kwingine alikuwa mama wa kila mtu, pale alikuwa wangu.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo nikapiga moyo konde.

"Mama, nina neno."

"Sema. Unga uko mikononi, si masikioni."

"Mimi siamini tena."

"Huamini nini?"

"Yote. Mungu. Misa. Kwamba hii itakuwa kitu kingine zaidi ya mkate."

Akaweka kikatio chini. Nilisubiri kofi, au machozi, au ahadi kwamba marehemu bibi hatalala huko aliko. Hakuna lililokuja.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka sasa. Labda zaidi."

"Na mwaka huo wote umekuwa unaoka na mimi."

"Ndiyo."

"Mungu wangu," akasema. "Basi nimewalisha watu nini?"

Akavua aproni, akajitupia mtandio na kutoka mbio, viwiko vyake vyeupe kwa unga. Hata mlango hakuufunga. Punde baba akaingia kutoka kibandani kwake, mkasi ungali mkononi.

"Mama yako kakimbilia wapi na unga mpaka puani?"

"Kwa padre."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi nipe hicho kiporo changu," akasema, akaketi.

Nilimpakulia. Nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu nilielewa alichowaza mama. Hakuwa amefikiria roho yangu. Aliwaza wale wazee wanaokuja misa ya asubuhi na fimbo zao, wakafungua vinywa, na mimi nikawa nimewawekea unga mtupu. Binti aliyefanya hivyo, sikuona kwa nini amtake mezani kwake.

Alirudi akitembea polepole.

"Padre anasema mkate hauna neno," mama aliniambia baada ya baba kuondoka. "Unga safi, maji safi, yaliyobaki ni yake yeye na Mungu. Mkono uliooka hauulizwi."

"Ulimwambia ni mimi?"

"Nilimuuliza tu, kwamba ikitokea. Alikuwa anakula, hakunichimba." Akaketi. "Sasa Jumapili sema ninaamini, mambo yaishe. Neno moja litakuua?"

"Siwezi, mama."

"Kama Mungu hayupo, unaogopa nini kumdanganya?"

"Simwogopi yeye. Wewe ndiye sitaki kukudanganya."

"Ungenyamaza tu, mwanangu," akasema. "Ningekufa bila kujua, na ningekufa vizuri."

Akachukua kikatio akaendelea na kazi peke yake. Siku zilizofuata alinisalimia, alinipa chakula, aliniuliza kama mvua itanyesha. Jikoni hakuniita. Nilimsikia akiinua chuma na kuguna, nami niko chumbani nimekaa kitandani kama mgeni.

Jumapili nilikuta gauni langu limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Nikalivaa. Nilikuwa nimekata shauri kwamba nikiulizwa nitakaa kimya, liwalo na liwe.

Baada ya mahubiri padre akatangaza kwa furaha kwamba leo mama yetu wa hostia anamkabidhi binti yake kazi. Watu wakageuka kututazama. Nikaanza kusimama. Mkono wa mama ukanishika bega, ukanikalisha, akasimama yeye na kwenda mbele peke yake.

"Padre, nisamehe," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Nimebadili mawazo. Mikono yangu imepona. Huyu mtoto asubiri zamu yake."

Akainua mikono yote miwili juu, akaigeuzageuza watu waione. Kanisa likacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Baba akanong'ona kwamba yule mwanamke atazeeka na hilo chuma lake.

"Imepona kabisa?" akauliza padre.

"Kabisa," akajibu mama, mbele ya altare.

Padre akaishika ili aibariki, akaibana kwa mapenzi. Nilikuwa nimekaa karibu. Niliona bega la mama likiruka kwa maumivu, na tabasamu lake halikuondoka. Hapo nilitaka kulia, nikajikaza.

Kesho yake aliniita. "Wewe! Njoo unishikie chuma, mikono inaniua."

Nikaenda. Nilishika, yeye akakoroga uji.

"Mama, jana ulidanganya kanisani."

"Nilikuwepo, usinisimulie."

"Mbele ya altare."

"Wewe ulikataa kumdanganya mtu ambaye unasema hayupo," akasema, wala hakuwa na hasira. "Mimi nimemdanganya, na ninajua yupo."

Akamimina uji. Nikafunga chuma, mvuke ukafoka kati yetu.

"Jumamosi nitakwenda kuungama," akaendelea, akijifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Padre ataniuliza kama ninajuta. Sijui nitamjibu nini, maana sijuti hata kidogo."