Mwanza hadi Oslo, Maharage Hayajaiva

Jumamosi ile asubuhi Gladness alikaanga senene wa Kokulinda bila kuwang'oa mbawa. Si kwa ubaya. Yeye ni binti wa kazi, Msukuma, kwao kuna kumbikumbi, na kumbikumbi ukishamkaanga mbawa zinatoka zenyewe. Unapepeta kwenye ungo, basi. Alidhani na senene ndivyo. Ndoo ilikuwa imekuja na meli ya Bukoba, na Kokulinda mwenyewe alikuwa uani kwake, hapo Butimba, akiinjika maharage.

Sebuleni nyasi za msiba wa mumewe, mzee Clavery, zilikuwa bado zimetandazwa sakafuni, mwaka wa nne huo. Kwa desturi yao ya Kihaya hazikutolewa, maana mrithi hajakalia kiti cha baba yake. Mrithi ni Muganyizi, na Muganyizi yuko Oslo. Kila akipigiwa simu jibu ni lilelile: ni mbali, mama, ndege tatu, mchana kutwa na usiku wake. Kokulinda hakubishana. Mbali ni mbali. Kila Jumapili baada ya misa alikipangusa kiti vumbi.

Basi akaonja senene. Akaonja tena. Konzi ya tatu ilipofika mdomoni, miguu ikaacha ardhi.

"Mama, umezidisha," alisema Gladness, akimshika pindo la kitenge.

"Niachie, mwanangu. Nipe hao waliobaki, watie kwenye kopo. Na maharage yasikauke maji."

Akapaa. Kandambili moja ikadondokea Ukerewe. Wenyeji wa huko waliirudisha Jumatatu, imefungwa vizuri kwenye mfuko. Kitenge kilijaa upepo, akacheka peke yake kama msichana aliyeachia breki za baiskeli mteremkoni. Juu ya Misri alipishana na ndege ya abiria. Rubani akampisha, kwa kuwa ni mtu mzima. Abiria mmoja wa dirishani akampungia mkono, kisha akashusha pazia akalala. Bahari aliivuka akiimba nyimbo za harusi yake, kwa sauti yote, maana kule juu hakuna jirani wa kumuudhi.

Akatua kwenye kibaraza cha ghorofa ya tano, theluji ikamfunika vidole. Muganyizi akafungua mlango wa kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe wala si mbali."

Akampa soksi na chai. Kokulinda akamweleza: kiti kipo, nyasi zinageuka vumbi, baba yako hajapumzika. Ale, waondoke, watakuta maharage hayajaiva. Akafunua kopo.

Muganyizi alifurahi kweli. Akavuta sahani, akaketi, akaanza kuwang'oa mbawa, mmoja mmoja, kwa vidole vyepesi, kama mama yake alivyomfundisha utotoni. Alipomaliza wote, akala.

"Watamu, mama," akasema. "Nitajitahidi mwakani. Unajua tena, ni mbali."

Kokulinda akamtazama akitafuna. Alikuwa amenawiri. Akazoa mbawa mezani kwa kiganja, akazitupa, akamwachia kopo.

Wale wa tumboni walikuwa bado na nguvu za kumrudisha. Alipotua uani, Gladness alikuwa anaongeza maji.

"Hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa."

Akaonja maharage, akatia chumvi. Kesho yake, baada ya misa, akakanyaga nyasi taratibu mpaka kwenye kiti, akakipangusa.