Kila Mtu na Kipande Chake

Vitabu vya Baiolojia nilivikata mwenyewe, kwa wembe, Januari 1999. Msiniulize kama kulikuwa na njia nyingine. Kidato cha pili kilikuwa na wanafunzi tisini na sita na vitabu kumi na viwili, na Kiingereza cha vitabu hivyo kiliwatoa jasho watoto wa Kisongo waliotoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili shule ya msingi. Nikawagawa makundi ya wanane, kila mmoja na sura yake ya kitabu.

"Msijichoshe vichwa," niliwaambia. "Kila mtu abebe kipande chake. Usibebe mzigo wa mwenzako."

Mambo yakanyooka. Nikiuliza swali, kundi lilimgeukia mwenye sura hiyo, naye alijibu bila kukwama. Msichana mmoja, Nashipae, alikuwa na sura ya moyo na damu. Alichora moyo ubaoni bila kutazama popote, wenzake wakapiga makofi, nami kichwa kikanivimba. Kufika Aprili, walimu wa masomo mengine nao walikuwa wameshika wembe.

Baba yake, mzee Loserian, alikuja shuleni mara moja.

"Mwalimu, akifaulu mtihani wa kidato cha pili, ataendelea. Akifeli, namchukua. Kuna mtu ameshamposa, na mimi nimekubali."

"Huyu hafeli, mzee," nikamjibu. Kwa mdomo wangu huu.

Novemba, siku ya Baiolojia, nilimngoja nje ya chumba cha mtihani. Akanikabidhi karatasi ya maswali. Pembeni ya kila swali alikuwa ameandika jina kwa penseli: Lesikar, Lucky, Naisula. Jina lake lilikuwepo mara moja tu, kwenye swali la moyo.

"Na haya mengine?"

"Ni ya wenzangu, mwalimu. Lakini walikaa mbali."

"Hamkuwa mnafundishana?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Ulisema tusibebe ya wenzetu."



Matokeo yalitoka Januari. Karibu kundi zima lilianguka, Nashipae akiwemo, ila wenzake waliruhusiwa kurudia darasa. Yeye baba yake alikuwa anamsubiri getini. Nilimwendea mzee, nikamsihi, nikamwambia kosa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita binti yake waondoke.

Nashipae akatoa mfukoni kipande chake cha kitabu, kurasa kumi na nne, amezishona kwa uzi zisipotee.

"Mpe atakayepewa moyo mwaka huu," alisema.

Nikakipokea.